Redio Iliyonata Siku ya Kanzu Nyeupe

Vijana wangu, wekeni chini bisibisi zenu za umeme na simu zenu zenye video za mafunzo. Nipeni vidole. Ndiyo, vidole! Mtu akikuletea gari na kukwambia redio imeharibika, hicho ndicho chombo chako cha kwanza, na hakihitaji chaji.

Mimi ni Barasa, mtoto wa Bungoma, Kenya, niliyezeekea Kampala. Nimetengeneza redio za magari tangu zile za kaseti, zilizokuwa zinatafuna mkanda na kuutapika kama tambi, mpaka hizi skrini zenu za siku hizi zinazoongea na simu. Sasa nimestaafu, wajukuu wananiita Jjajja Besi, yaani Babu Besi, na mke wangu amenikataza kufungua kitu chochote chenye waya ndani ya nyumba. Lakini mdomo hajaufunga, kwa hiyo sikilizeni.

Fundi Kasirye, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha. Kibanda chake cha mabati kilikuwa chini ya kilima cha Old Kampala, kimebanwa kati ya muuza matairi na mshona viti vya magari. Nilipoanza nilikuwa na pupa ya kufungua. Gari likisimama tu, mimi tayari nimelala chini ya dashibodi, miguu nje. Kasirye ananivuta suruali. "Gusa kwanza, ssebo," ananiambia. "Hii redio, si jino. Mbona wewe nakimbilia kung'oa?"

Basi nikajifunza kugusa, na nikagundua kwamba uso wa redio unasema mambo. Redio ya dereva wa teksi huchakaa kwenye kitufe cha sauti, kwa sababu kila abiria ana neno. Redio ya mama mwenye watoto wadogo huchakaa pale pa kutolea CD. Ya mtu wa mpira, utaona namba ya stesheni moja imefutika kabisa na zile nyingine zote ziko safi kama zilivyotoka dukani. Mwenye gari atakudanganya kuhusu alichokifanya, lakini vitufe vyake havina sababu ya kudanganya.

Mchungaji mmoja aliwahi kuniletea redio iliyokuwa inasahau stesheni zote kila anapozima gari. Alikuwa ameshaiombea, na nadhani hata kuifungia saumu. Nikaangalia nyuma, nikakuta ule waya wa manjano, wa kuitunzia kumbukumbu, umeungwa mahali pa ule mwekundu wa swichi. Na nani alikuwa ameunga? Mimi mwenyewe, Jumamosi iliyotangulia! Nikazibadilisha kimya kimya, redio ikakumbuka, na mchungaji akaenda kutoa ushuhuda kanisani. Ningefanya nini? Nilisema amina na wengine.

Halafu yakaja magari ya Japani, vijana, na kazi ikanoga! Kwanza redio zao hazikusikia stesheni zetu. Za kwao zinaishia pale ambapo za kwetu ndiyo kwanza zinaanza, kwa hiyo tunaweka kidude kidogo kwenye waya wa antena cha kuyashusha mawimbi yetu mpaka redio iyafikie. Inafanya kazi vizuri sana, ila namba unayoiona kwenye kioo inakuwa ya uongo. Unaona themanini na kitu, kumbe unasikiliza mia moja na kitu. Wateja wa zamani wanazishika stesheni zao kwa vitufe, si kwa namba. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Pili, zile nyuso zao. Redio nyingi zilipakwa ngozi laini ya mpira ili zipendeze mkononi. Mpya, ni raha. Lakini piga jua la bandarini, piga jua la foleni ya Kampala, ongeza jasho la vidole, ngozi ile inaoza. Kwanza inachubuka pembeni. Kisha inaanza kunata. Mwisho inageuka lami, unagusa sauti na kidole kinatoka cheusi. Hapo ndipo kila fundi wa leo anamwambia mteja, badilisha redio. Badilisha, badilisha! Redio yenyewe nzima, inaimba vizuri, kosa lake ni ngozi tu.

Nilihangaika nayo sana. Sabuni na maji, ikazidi kunata. Thina ya rangi, plastiki ikaanza kulainika kama pipi mdomoni. Siku hiyo nilikuwa nimekaa nje ya kibanda natukana peke yangu, na ng'ambo ya njia alikuwepo Mama Furaha, mkimbizi kutoka Bukavu, ambaye mpaka leo anauza mafenesi pale, ameyakata vipande na kuyapanga mezani. Alikuja akaangalia, akacheka mpaka akashika kiuno. "Papa, unajichokesha bure," aliniambia. "Ile ni ulimbo. Ulimbo haisikie maji. Tia mafuta kwanza, ngojea, kisha upanguse."

Jamani! Mtu yeyote anayekula fenesi Kampala anajua kupaka mafuta kwenye kisu na viganjani ili ulimbo usimshike, na mimi nimekula mafenesi yake miaka yote hiyo nikiwa nimekaa na tatizo lilelile mapajani. Nikajaribu. Mafuta ya kupikia, kidogo tu kwenye kitambaa. Unapaka, unaacha ilainike, unapangusa taratibu bila nguvu. Kisha pamba yenye spiriti ya duka la dawa, kutoa mafuta. Na wakati wote uso wa redio uangalie chini, nyie! Ukiulaza chali, mafuta yanaingia kwenye vitufe na hapo umejitafutia kazi nyingine. Pembezoni mwa vitufe tumia kijiti cha meno kilichozungushiwa pamba. Ngozi yote inatoka, na chini yake unakuta plastiki safi, kavu, isiyokamata hata vumbi.

Sasa niwaambie siku ambayo mambo hayo yote yalikuja pamoja, na nilikuwa nimeshastaafu.

Wafula ni kijana wa kwetu Bungoma, anauza mabeseni na ndoo kwa jumla kule kwenye maduka ya Kikuubo. Alimpenda Nakato, binti wa Kiganda, na Nakato akampenda. Tatizo lilikuwa baba yake, Ssalongo, mzee aliyekuwa dereva wa malori ya Mombasa. Wafula alikuwa na mpango wa kufungua duka Bungoma na kuhamia huko na mkewe, na Ssalongo hakutaka kabisa kusikia habari ya binti yake kuvushwa mpaka. Tena alikuwa na maneno yake kuhusu sisi. Wakenya, alisema, ni watu wa kung'arisha. Nje kunametameta, ndani hujui kuna nini. Alikubali tuje kwa kwanjula, ile sherehe ya kujitambulisha ukweni, lakini alituma ujumbe kwamba neno la mwisho atalisema siku hiyohiyo, mbele ya watu, baada ya kutuona.

Wafula na ndugu zake wakanunua gari la zawadi kwa mkwe. Dogo, la Japani, limetumika lakini zuri. Mimi nikaalikwa kama mzee wa upande wa mume. Asubuhi tukakutana chini ya Old Kampala, wanaume wote kanzu nyeupe na koti juu, akina mama gomesi za kila rangi. Nikaambiwa nipande lile gari la zawadi, Wafula akiendesha, nikae mbele kwa heshima.

Nikakaa. Nikaangalia redio. Vijana, ilikuwa inang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride! Redio kuukuu haing'ai hivyo. Nikanusa. Harufu ile naijua tangu shule ya msingi. Nikanyoosha kidole, nikagusa, kikatoka cheusi tititi na uzi wa ulimbo ukakifuata.

"Wafula," nikasema, "umepaka redio dawa ya viatu?"

Akaanza kueleza. Pale alipolinunua gari waliona uso umechakaa, na wale vijana wa yadi wakamwambia hiyo si shida, dawa nyeusi ya viatu na brashi, itakuwa mpya. Ilikuwa inanata tangu zamani, sasa ilikuwa inanata na kupaka rangi pia. Nikamwuliza kama mkwe wake ni mtu wa kushikashika vitu. Ssalongo, alisema, anaishi na redio. Anaamka nayo, anakula nayo. Kitu cha kwanza atakachofanya akiingia kwenye gari ni kuiwasha, mbele ya wageni wote, na amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi.

Picha hiyo ilitujia wote wawili kwa wakati mmoja. Mzee anayesema sisi ni watu wa kung'arisha, vidole vyeusi, doa la dawa ya viatu kwenye mkono wa kanzu, ukoo mzima umesimama unatazama. "Mzee," Wafula akasema, "akigusa hiyo mimi nimekwisha. Hanipi Nakato."

Kubadilisha redio? Muda huo hatukuwa nao. Ungelazimika kufungua dashibodi, kuhamisha waya, kuunga upya kile kidude cha antena, na kule ukweni ukichelewa geti linafungwa na unaanza kuomba msamaha kabla hujasalimia. Kuuchomoa ule uso wake wa kupachika na kuiacha redio bila uso? Gari la zawadi lisilo na uso wa redio ni kama bwana harusi asiye na meno ya mbele. Lakini moyo wangu ulikuwa unadunda kwa furaha, siwafichi. Niliubonyeza uso wa redio, ukachomoka mkononi, nikaruka nje na kukimbilia kwenye meza ya Mama Furaha. Mimi, mzee wa heshima!

Aliniona nakuja akaelewa kabla sijafungua mdomo. Alinivua koti, akavua kitenge chake cha juu akanifunga nacho kuanzia shingoni mpaka magotini ili kanzu isidhurike. Mafuta yalikuwa pale pale. Wafula nikamtuma duka la dawa kuleta spiriti na pamba, akaondoka mbio huku ameishika kanzu juu ya magoti, bodaboda wote wanampigia miluzi. Akina mama wa msafara wakashuka kuangalia. Msemaji wetu, mtu tuliyemkodi kwa ufasaha wake wa Kiganda, alikuwa anaangalia saa na kutikisa kichwa.

Nikapaka. Nikangoja. Hapo ndipo pagumu, vijana, pale pa kungoja! Mikono inataka kusugua, watu wanakusukuma kwa macho, na wewe unasimama umefungwa kitenge cha maua kama mtoto wa kunyolewa. Kisha nikapangusa, na ile ngozi ikaanza kuondoka kwa vipande, pamoja na dawa ya viatu, pamoja na miaka yote ya jua. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu nilipofunga kibanda.

Lakini Wafula alipouona uso umetoka safi, alishika kichwa. Vitufe vilikuwa vyeupe, vitupu, havina herufi hata moja. Na ndivyo ilivyo, maandishi yale huwa yamechongwa kwenye ngozi yenyewe, ngozi ikiondoka nayo yanaondoka. "Umefuta kila kitu, Mzee," alisema. "Atasomaje?"

Nikamwuliza swali la fundi. Mkwe wako huwa anasoma vitufe? Akanisogelea na kusema kwa sauti ya chini kwamba Ssalongo macho yamemshinda. Walishampeleka hospitali ya Mulago, akarudi akisema yuko sawa. Simu anaileta mpaka kwenye pua. Watoto wote wanajua, hakuna anayethubutu kusema.

Basi nikaacha kutafuta kalamu. Nikauliza nani ana rangi ya kucha, na dada yake Wafula akaitoa kwenye mkoba, nyekundu. Nikadondosha tone moja nene juu ya kitufe cha kuwashia. Kwenye kitufe cha stesheni ya kwanza nikadondosha matone mawili. Tone nene la rangi likikauka linainuka, kidole kinalipata bila macho. Mama Furaha alikuwa ameinama karibu yangu anapuliza, mashavu yamemjaa. Tukapanda magari, na njia nzima ya kuelekea Gayaza nilikuwa nimeushikilia uso ule mbele ya tundu la hewa ya gari ili ukauke.

Tukiwa karibu kufika nikaupachika. Kimya. Nikauchomoa, nikaupachika tena. Kimya kabisa, hata taa! Wafula alikuwa anaendesha huku anasali kwa Kibukusu chetu cha nyumbani. Nikaugeuza, nikaona. Kule nyuma kuna vimeno vya shaba vinavyopitisha umeme, na mafuta yalikuwa yamevigusa. Spiriti tulikuwa tumeiacha kwenye meza ya mafenesi. Nikamwambia asimamishe, nikakimbilia gari la msemaji wetu, nikamnyang'anya penseli aliyokuwa anaandikia orodha ya zawadi. Kilichokuwa na thamani kwangu ni kile kifutio cha mwisho wake. Vimeno vya shaba unavisugua kwa kifutio cha penseli, kidogo kidogo, mpaka virudi rangi yake. Liandikeni hilo mahali. Nikapachika, ukasema tiki, na redio ikawaka! Mwanga ukatoka kwenye vile vitufe vyeupe, mzuri kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Nilipiga kelele mpaka msafara mzima ukapiga honi. Wafula akanitajia stesheni ya mzee, nikaitafuta kwa sikio kwa vile namba ni za uongo, nikaifunga kwenye yale matone mawili.

Tuliwahi geti.

Maneno ya ukweni yalikuwa marefu, kama kawaida, vicheko na mafumbo. Ssalongo alikaa wima, mrefu, kanzu yake nyeupe mpaka inaumiza macho. Zawadi zikapita. Mwishoni akapelekwa nje kwenye gari, watu wakalizunguka, akaingia na kukaa nyuma ya usukani. Msemaji wa upande wao akachungulia dirishani, akaona redio, akatangaza kwa Kiganda kwamba wakwe wameleta redio isiyojua kusoma wala kuandika. Watu wakaangua kicheko. Wafula aliinamisha kichwa, na Nakato, aliyesimama na shangazi zake, alifunika mdomo kwa kiganja.

Ssalongo hakucheka. Alinyoosha mkono. Kidole kilipita juu ya vitufe polepole, kikafika kwenye lile tone, kikasimama. Kikapita tena, kikarudi palepale. Akabonyeza. Redio ikawaka. Kidole kikaendelea, kikayapata matone mawili, akabonyeza, na sauti ya yule mtangazaji anayeamka naye kila asubuhi ikajaa ndani ya gari. Alifumba macho. Kisha akaleta vidole vyake karibu na pua, akavigeuza huku na huku, akaangalia na mkono wa kanzu. Hapakuwa na kitu.

"Nani alifanya hii?" akauliza kwa Kiswahili chake cha barabarani.

Nikasukumwa mbele. Nikadhani sasa mzee atatufichua, ataniuliza nani aliyeniambia kwamba haoni. Aliniashiria niiname. Nikaingiza kichwa dirishani. Yeye akaongeza sauti ya redio, ili wale waliosimama wasisikie, akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa simu yake ndogo ya vitufe na kuisokomeza ndani ya kiganja changu kama mtu anayeficha kitu.

"Hii pia weka tone," alininong'oneza. "Pale kwa kitufe ya namba ya Nakato. Sasa yeye nakwenda kuwa mbali."

Wafula alikuwa bado ameinamisha kichwa, anangoja neno la mwisho. Mimi nilikuwa tayari nakimbia kati ya magomesi, nimeikumbatia simu kifuani, namtafuta dada yake na ile chupa ya rangi ya kucha.